Mita ya Marehemu Nzeyimana

Mshale wa mita ulicheza kabla Privatus hajachomeka waya wowote.

Alidhani ni uchafu. Mita ilikuwa ya zamani, ya kupimia umeme, na Odeta wa Kibimba, mjane wa fundi Nzeyimana, alikuwa ameileta dukani kwake Runazi ibadilishwe betri tu. Lakini Privatus hakupenda kurudisha kazi nusu. Akaifungua. Vijino vya shaba vya swichi vilikuwa vimegandiwa na kitu cheusi kama lami. Akachovya mswaki kwenye spiriti, akasugua kimoja kimoja mpaka vikang'aa.

Ndipo ilipoanza harufu ya udi, na chini yake harufu ya nyama iliyochacha.

Mkewe Anneth, mjamzito wa miezi minane, aliingia na chai. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda, haraka kama moyo wa kifaranga. Privatus akachomoa betri. Mshale haukusimama.

"Toka humu," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Usiulize."

Kesho yake asubuhi Anneth alimshika mkono. "Mtoto hachezi. Tangu jana."

Zahanati walisikiliza tumbo muda mrefu, kisha wakawaandikia waende hospitali ya wilaya. Wakati Anneth akingoja gari barazani pa duka, Privatus alikimbilia ndani, na pale mezani, bila betri, bila waya, mshale ulikuwa ukipiga kwa nguvu kuliko jana, ukigonga kioo kama mtu anayeomba afunguliwe, huku ile harufu ikimfuata puani mpaka mlangoni alikosimama akimpigia Odeta simu.

Odeta alifika na pikipiki. Hakungoja shikamoo.

"Nani alikwambia usugue? Ule si uchafu, mwanangu. Ni dawa. Marehemu alimfungia jini humo."

"Sikujua, mama."

Odeta akafungua kichupa, akapaka kila kijino dawa nyeusi, midomo ikisoma maneno ya Kirundi. Mshale ukalala. Akainua mita, akaitegea sikio.

"Humu hamna mtu," alisema polepole. "Tumefunga mlango, mwenyewe yuko nje."

Wakamsikia Anneth akicheka barazani. Walipotoka, alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi ya furaha yakimtoka.

"Amecheza," alisema. "Baba, anacheza sana. Hajawahi kucheza hivi."

Odeta alirudi nyuma hatua moja. Harufu ya udi ilikuwa ikitoka kwenye pumzi ya Anneth.