Uzi Ulioshushwa Siku ya Sita

Wa Kiuna aliacha kupukuchua mahindi akatega sikio. Ilikuwa saa sita mchana, miti yote ya kisiwa cha Muna imetulia tuli, lakini kishada cha mumewe, kilichotundikwa ukutani, kilikuwa kinavuma.

"Baba Riwa, unasikia?"

"Nasikia," La Tondu alijibu chinichini. "Tangu juzi."

Alikishona mwenyewe kwa majani makavu ya viazi mwitu, akakirusha baada ya mavuno kama walivyofanya baba zake. Siku ya saba mtu hukata uzi, kishada kitangulie ahera, kije kimkinge jua siku atakapokufa. Lakini La Tondu alikiona kizuri mno. Siku ya sita akakishusha, ili akashindane nacho mjini.

"Kuna kitu kilishuka nacho," alikiri. "Nilivuta, Mama Riwa, kama navuta ng'ombe."

Harufu ya majani yanayoungua ikaingia nyumbani, isitoke tena. La Tondu alishinda ndani, madirisha yamefungwa, na bado ngozi ikambabuka kama ya mtu aliyelala juani.

Bibi Wa Mbera, mganga, alifika mlangoni, akanusa, hakuingia.

"Jini huyo alikuwa ameshapanda, wewe ukamteremsha. Mrudishe."

"Nikimrudisha ataniacha?"

"Mrudishe tu, mwanangu," alisema, akitazama pembeni.

Walikitoa kishada nje. Kilipanda bila upepo, bila kukimbizwa, kikavuta mpaka uzi ukamchana La Tondu kiganja, naye akashindwa kufumbua mkono, akawa anaburutwa shambani huku mvumo ukizidi na joto likiwashukia kama pumzi ya mtu aliyewainamia, hata Wa Kiuna akachomoa kisu, akaukata uzi.

Kishada kikapotelea juani. Kimya.

"Kimekwenda," Wa Kiuna alisema, akihema.

"Mbona bado ananivuta?"

Alikufa Ijumaa, mkono wa kulia umenyooka juu, ngumi imefumbwa. Waosha maiti walijaribu kuushusha kwa maji ya moto, kwa mafuta, mwishowe kwa nguvu. Wakaenda kuongeza kina cha kaburi.

Wiki ya pili, Wa Kiuna alikuwa jikoni akikoroga uji wa mahindi na kuzungumza na binti yake, Riwa. Ghafla binti akarudi nyuma.

"Mama," alinong'ona, "mbona umeinua mkono?"

Wa Kiuna alitazama juu ya kichwa chake. Akajaribu kuushusha.