Kwa Nini Winga wa Kushoto Aliishiwa Mbio

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Umewahi kumwona mwenzako nyuma ya darasa, anakojoa huku ameuma meno na machozi yanamlenga. Ukamwona, ukapita. Ukajisemea, "Mimi yananihusu nini?" Basi hukuwa wa kwanza. Bagamoyo, mwaka wa sabini na tatu, mtaa mzima ulipita hivyo hivyo. Watu wazima wenye ndevu na kofia zao safi walipita, tena hawakupita kimya. Walipita wakibishana habari za mpira.

Mtoto mwenyewe aliitwa Mtoro, umri wake miaka kumi na mitatu, darasa la sita, mzaliwa wa mtaa wa Dunda. Siku zake zilifuata mkondo mmoja: alfajiri swala, kisha chai ya rangi na kiporo cha muhogo, kisha shule, na jioni mpira. Mama yake, Bi Mwanabaraka, alizoea kusema kwamba mwanawe hata akitumwa chumvi dukani hupita ukingoni mwa njia, kana kwamba katikati amesimama beki.

Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya shule. Akipewa mpira na rafiki yake Ausi, kiungo wao, aliuchukua mbio mpaka karibu na kona, beki nyuma anahema, kisha akaumimina mbele ya goli. Krosi yake ilishuka taratibu, mtu ni kuinua kichwa tu. Katika mechi tano za mwanzo wa mwaka ule timu ilifunga magoli kumi na moja, na manane yalitoka mguuni kwa Mtoro.

Ilipokwisha masika, mbio nazo zikaanza kumwisha. Hatua ishirini, pumzi juu. Hatua thelathini, nyota machoni. Krosi zikawa zinaangukia miguuni mwa mabeki, au hazifiki kabisa. Timu ikafungwa mara moja, ikafungwa mara ya pili.

Mtaani pakawaka moto. Makao makuu ya ubishi yalikuwa benchi la kahawa mbele ya duka la Bwanausi, fundi cherehani aliyeshona jezi za timu kwa mkono wake na kwa hiyo alijiona ana haki ya kuipanga. Mpinzani wake alikuwa Mzee Muhidini, karani mstaafu wa forodha, mtu wa kumbukumbu ndefu na sauti ndefu zaidi.

"Kinachotuua ni huu mtindo wa nne-mbili-nne," alisema Mzee Muhidini jioni moja, akivipanga vikombe vya kahawa juu ya benchi kama wachezaji. "Hawa mabeki wanne. Hawa viungo wawili. Wawili tu! Nani atamlisha winga? Turudi kwenye mtindo wa zamani."

"Wa zamani tulishauzika, bwana we," alijibu Bwanausi, pini mdomoni. "Kosa ni la winga mwenyewe. Winga sharti akae kwenye mstari mpaka chaki imjae kiatuni."

"Kiatu kipi? Watoto wanacheza pekupeku!"

"Basi imjae kisiginoni! Mtoro siku hizi anazurura katikati kama mbuzi aliyekata kamba."

"Anazurura kwa sababu hapewi mpira. Yule Ausi ndiye... Ala! Nani kanywa beki wangu wa kulia?"

Watu wakaangua kicheko. Wakati huohuo Mtoro akatokea, ametumwa mafuta ya taa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, winga wetu! Njoo hapa," alisema Mzee Muhidini. "Sema kweli mbele ya mashahidi. Ausi anakulisha mipira au hakulishi?"

Mtoro akatazama vidole vyake vya miguu. Alijua jibu. Ausi alimletea mpira mguuni kila mara, hata alipokuwa amezungukwa na watu wawili. Alijua pia kwa nini yeye mwenyewe hakimbii. Tangu kabla ya masika mkojo wake ulikuwa ukimchoma, na mwisho wake ulitoka matone ya damu. Alipowauliza wavulana wakubwa, walimpiga kofi la mgongo. "Hongera! Hiyo ndiyo damu ya ukubwa. Sasa wewe mwanamume." Basi akanyamaza. Ukubwa huo ulimuuma kiuno na kumtia kizunguzungu, lakini nani apendaye kuambiwa bado mtoto? Na Mwalimu Sadallah, mwalimu wa michezo, akijua, si atamtoa kwenye timu?

"Mara nyingine hanipi, mzee," alisema.

"Ehee! Mmesikia kwa masikio yenu?"

Redio ya Bwanausi ilikuwa imemaliza kutangaza matokeo ya ligi. Mtangazaji akaanza: "Ndugu wananchi, sasa tunawaletea kipindi cha afya. Leo tutazungumzia magonjwa yatokanayo na maji..." Bwanausi akanyoosha mkono, akaizima.

"Betri hizo, jamani. Tuziwekee mechi ya Jumapili."

Mwaka ule redio ilipiga kelele kuhusu maji na vyoo wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki mkono ulinyooshwa ukaizima. Na bado walilalamika kwamba hakuna aliyewaambia!

Jumapili walicheza na watoto wa Mbegani, wakafungwa matatu kwa bila. Baada ya filimbi ya mwisho Bwanausi akawakusanya wachezaji. Ndiye aliyewawekea desturi yao tangu mwaka uliotangulia: timu ikifungwa, wote waingie katika bwawa lililo nyuma ya kiwanja, kando ya majaruba ya mpunga, waoge mkosi uondoke na maji.

"Mara hii mkosi ni mkubwa," alisema. "Msitoke mpaka nihesabu mia tatu."

Wakaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na majani ya yungiyungi yakiwagusa mapaja. Watoto ni watoto: walirushiana maji, wakazamishana, wakashindana nani atakojoa mbali zaidi. Kila walipofungwa walioga zaidi, na kila walipooga zaidi walizidi kufungwa. Hakuna aliyeweka mambo hayo mawili pamoja, kwa maana vichwa vyote vilikuwa vimejaa nne-mbili-nne.

Jumatatu Mwalimu Sadallah alitangaza kikosi cha kucheza na Mapinga. Maneno ya benchi la kahawa yalikuwa yamemfikia. Jina la Ausi halikutajwa. Ausi alivua jezi namba sita, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya mwalimu, akatoka.

Mtoro alimkuta ameketi nyuma ya jiko la shule, anavunja kijiti vipande vipande.

"Ausi, pole, bwana."

"Pole ya nini? Sema wewe. Jana nilikuletea mipira mingapi?"

Mtoro akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Kumi na nne. Nimehesabu. Kumi na nne, na ulikimbilia mitatu. Mingine uliitazama inatoka nje kama unatazama harusi inapita. Halafu unakwenda kuwaambia wazee sikupi mpira? Mimi? Bora ungenipiga ngumi."

Aliinuka akaondoka. Mtoro akabaki pale mpaka kengele ikalia, ikalia tena. Moyo wake ulimwambia mambo mawili. Akisema kweli, mechi ya Mapinga hachezi, na labda hatacheza tena. Akinyamaza, anacheza kwa jasho la Ausi, na ile damu inaendelea kutoka. Alijikaza akaenda mpaka mlangoni kwa Mwalimu Sadallah.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekauka hivyo?"

"Mwalimu, Ausi hana kosa. Nilisema uongo. Mimi ndiye siwezi kukimbia. Nakojoa damu."

Mwalimu Sadallah akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Kabla ya masika. Wakubwa wanasema ni damu ya ukubwa."

"Inna lillahi! Na wewe ukaamini?" Mwalimu akasimama, akazunguka meza. Hasira ilikuwa usoni mwake, lakini haikumwelekea Mtoro. "Nimekuona unashika kiuno uwanjani. Nimekuona, nikadhani uvivu. Nikakukimbiza zaidi. Haya, vaa kandambili, twende."

Hospitali walipokewa na Bi Mwajabu, muuguzi mfupi mwenye ulimi mkali na mikono laini. Alisikiliza yote, akauliza kuhusu bwawa, akatikisa kichwa.

"Na wenzako je?"

"Sijui, Bibi. Wengine nao wanasema wamekuwa wakubwa."

"Mwalimu, kesho adhuhuri niletee timu nzima," alisema Bi Mwajabu. "Na kabla ya kunipa mkojo, wakimbie kwanza na kuruka. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, mwili ukishatikisika."

Basi kesho yake watu wa Dunda waliona kioja: vijana kumi na wawili wakikimbia juani kuzunguka hospitali, kila mmoja na kichupa mkononi, na Bi Mwajabu kibarazani akipiga makofi. "Magoti juu! Wewe mrefu, huendi sokoni!" Hata Ausi alikuwepo, mbali kidogo na Mtoro.

Vichupa vikapelekwa kwenye darubini. Majibu yalipotoka, wachezaji tisa kati ya kumi na wawili walikuwa na kichocho. Mtoro alikuwa nacho kwa wingi kupita wote. Ausi hakuwa nacho. Mama yake alikuwa amemkataza bwawa kwa fimbo, na kila siku ya kuosha mkosi alibaki ukingoni analinda nguo, wakimcheka kwamba anaogopa vyura.

Bi Mwajabu hakungoja. Jioni ileile alikwenda kwenye benchi la kahawa na sare yake nyeupe, akasimama mbele ya wanaume wale na vikombe vyao.

"Asalaam alaykum. Nasikia hapa ndipo timu inapopangwa."

"Waalaykumu salaam. Karibu, Bi Mwajabu," alisema Bwanausi, akiondoa vitambaa kitini. "Tunatafuta dawa ya krosi."

"Dawa mimi ninayo. Wachezaji wenu tisa wanakojoa damu. Mmekaa hapa miezi mitatu mnajadili winga asimame wapi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza winga, 'Mwanangu, unaumwa?' Mtoto akikojoa mle bwawani, mayai ya vijidudu yanatoka na mkojo. Vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wa majini, vinakua, vinatoka, vinamtoboa ngozi kila atiaye mguu. Havionekani. Kisha vinamla mtu ndani kwa ndani, damu inapungua, mbio zinakwisha. Beki gani atahitajika tena?"

"Lakini, dada," alisema Mzee Muhidini kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "hata sisi utotoni tulipata damu hiyo. Tuliambiwa ndiyo kubalehe."

"Mliambiwa na nani? Na yeye aliambiwa na nani? Kubalehe hakumtoi mtu damu ya kibofu, mzee wangu. Mlifundishwa uongo, mkaurithisha."

Bwanausi akaweka mkasi chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaingiza majini," alisema. "Nikawahesabia mpaka mia tatu. Nilidhani naondoa mkosi."

"Basi sasa uondoe kweli," alisema Bi Mwajabu. "Jembe unalo?"

Alikuwa nalo. Kwa Jumamosi tatu mfululizo watu walijitolea. Walichimba choo kando ya kiwanja, wakachimba na kisima kifupi ili watoto wapate maji ya kunawa bila kugusa bwawa. Magugu ya ukingoni waliyakata kwa fyekeo zenye mipini mirefu. Mzee Muhidini alipotaka kuingia majini kuyang'oa, Bi Mwajabu alimvuta kanzu na kumuuliza kama naye anataka kuwa mwanamume.

Watoto tisa walipewa vidonge, mara tatu, kila baada ya wiki mbili, wavimeze mbele ya muuguzi. Na Mtoro alikuwa na dawa nyingine ya kumeza, iliyo chungu zaidi. Jumamosi ya kwanza, watu wote wakiwa na majembe, alisimama mbele yao.

"Wazee, niliwaambia Ausi hanipi mpira. Ulikuwa uongo. Alinipa, mimi nikashindwa. Ausi, nisamehe."

Ausi alikuwa ndani ya shimo la choo, matope mpaka magotini. Alisogea kumpa nafasi.

"Shuka uchimbe," alisema. "Nimechoka kufanya kazi yako."

Watu wakacheka, na Mtoro akashuka.

Mechi ya Mapinga wagonjwa hawakucheza. Timu ya mseto, Ausi akiwa nahodha, ilifungwa mawili kwa moja. Hawakuoga mkosi. Walinawa kisimani, wakaenda nyumbani.

Mwezi wa kumi walirudiana, na benchi zima la kahawa lilihamia uwanjani. Dakika za mwanzo Mtoro alikuwa mzito. Nguvu hazirudi kwa siku moja. Krosi yake ya kwanza ilipaa juu ya goli ikaangukia migombani. "Mstari! Kaa kwenye mstari!" alipiga kelele Bwanausi. Kipindi cha pili Ausi akapata mpira katikati, akainua macho, akautuma kushoto. Mtoro akaufuata. Hatua ishirini, pumzi ipo. Hatua thelathini, macho safi. Karibu na kona akaumimina, na Ausi, aliyekuwa amekimbia bila kusimama, akautia wavuni kwa paji la uso. Moja kwa bila, na ikabaki hivyo mpaka filimbi.

Bi Mwajabu aliwangoja kando ya uwanja. Hakuwapongeza sana.

"Goli zuri," alisema. "Lakini nisikilizeni. Mtoro hakupona kwa vidonge peke yake. Alianza kupona siku aliposema kweli, ingawa kweli ile ilimtoa kwenye timu. Ugonjwa unaofichwa unamla mwenyewe, kisha unawala wenzake, na uongo unaoulinda unamwangukia asiye na kosa. Na nyinyi wazee, mtoto akidhoofika, msianze kumlaumu. Muulizeni kwanza."

Mzee Muhidini akamgeukia mtoto aliyekuwa karibu naye, akamuuliza anajisikiaje.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, maji ya namna ile yapo karibu na kwenu, na wenye damu wapo darasani mwako. Usisubiri kesho. Ukiwa unaumwa, mwambie mwalimu leo. Kama ni mwenzako, mshike mkono mwende hospitali pamoja. Kama shule yenu haina choo cha maana, wafuate wakubwa, waulize kitachimbwa lini, na usiondoke mpaka wakupe siku. Simama sasa hivi, uende.