Soli ya Mguu wa Kushoto

Siku lifti ya jengo la maduka ilipokwama na watu saba ndani, ukumbi wa chini ulikuwa hausikilizani. Fundi lifti alifika mbio, ovaroli ya buluu, penseli sikioni, na kabla hajazifikia ngazi, soli ya kiatu chake cha kulia ikabanduka ikawa inapiga sakafu, paa, paa. Watu wakaangua kicheko. Fundi viatu, dada mwenye kibanda pembeni ya ngazi, aproni ya ngozi juu ya gauni la njano, hakucheka.

"Kaka, lete hicho kiatu. Dakika tano tu."

"Kuna watu wamekwama juu, dada."

"Basi panda na kimoja."

Akapanda na kimoja, ghorofa sita. Aliporudi, watu saba wameshatoka salama, alikuta kiatu kimeshonwa na mwenyewe ameshasomwa.

"Unakimbia sana wewe. Njia za mchanga na mizizi. Na miguu yote miwili, hata hicho ulichovaa nakiona, unakanyagia ukingo wa nje."

"Umejuaje?"

"Soli haina siri."

"Kumbe nimeshonewa na daktari!"

Basi dada akawa Daktari, naye kaka akawa Mwanariadha, na mapenzi yakanoga mwaka mzima. Kila Jumamosi asubuhi Mwanariadha alikimbia kwenye hifadhi ya msitu, ule unaoutenga mji na bahari, na katikati ya mbio lazima simu ilie. "Nahema kwa ajili yako, Daktari." "Hema polepole, usije ukanifia." Mpaka juzi alipomwambia anataka kumuoa, na Daktari akaomba apewe hadi Jumapili.

Msimshangae kuomba muda. Mchumba wake wa kwanza alikuwa akirudi na udongo mwekundu viatuni, udongo wa mtaa alioapa hajawahi kuukanyaga. Daktari aliuona, akaufuta kwa brashi, akanyamaza. Yaliyomkuta yalimliza miezi. Akaapa kwamba kiatu kikisema tena, atasikiliza.

Sasa Alhamisi, Mwanariadha akasahau begi lake kibandani. Ndani mna viatu vya mbio, vile ambavyo kwa miezi mitatu alikuwa havileti kukaguliwa. "Bado vizima, mpenzi," kila siku. Daktari akavigeuza. Cha kulia kimelika ukingo wa nje, kama kawaida yake. Cha kushoto, looo! Pua imekwanguka hadi kitambaa kimeonekana. Mtu huyu anaburuta mguu, na Mwanariadha haburuti.

Akampigia simu pale pale.

"Umemwazima nani viatu vyako vya mbio?"

"Nani avae viatu vinavyonuka vile?" Akacheka, lakini kicheko kilichelewa.

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, Daktari wangu."

Alipokuja jioni kulichukua begi, Daktari alimkabidhi bila kumtazama usoni. Dada yake mkubwa, anayeuza kamba na dawa za viatu meza ya pili, alikuwa ameshahukumu. "Ana mwanamke."

"Mwanamke wa mguu namba arobaini na tatu, dada?"

"Hapo sasa hata mimi naogopa."

Walicheka, lakini Daktari moyo ulikuwa unamuuma. Kuna mtu anatembea ndani ya viatu vile, na mwanamume anayetaka kumuoa anasema mtu huyo hayupo. Atampa jibu gani Jumapili?

Jumamosi akavaa suruali ya mazoezi ya dada yake, akajifunga kitambaa cha kijivu, akaenda msituni. Mlinzi wa getini alikuwa anapangusa daftari lake la wageni.

"Yule fundi lifti? Ameshaingia, tena mbio. Ila kutoka huchelewa siku hizi. Sijui huko ndani anafanya nini."

Haya! Daktari akaifuata njia ya mchanga, miti ikimnyima jua, harufu ya chumvi ikizidi, akitazama chini. Nyayo za Mwanariadha zilikwenda vizuri kilomita mbili. Halafu, kwenye mteremko wa mizizi, wa kushoto ukaanza kuchora mstari mchangani. Nyayo za mtu wa pili hakuziona. Akajificha nyuma ya mti, akatoa simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

Sauti aliisikia mara mbili, simuni na mbele yake. Mwanariadha alikuwa ameketi juu ya gogo, peke yake, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele, anaukanda kwa mkono mmoja. Akaanza kuhema kwa makusudi, hee, hee, hee.

"Nakimbia, Daktari! Kilomita ya... hee... ya kumi na mbili!"

Daktari alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akatoka.

"Kilomita ya ngapi, umesema?"

Simu ikamdondoka yule mwanamume.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Nilianguka shimoni mwa lifti. Hospitali wanasema mshipa wa nyonga; mguu ukichoka tu, unaburuta. Unaweza kupona, unaweza usipone." Akatazama chini. "Nikasema, huyu alinipendea mbio. Nikimwambia, ataniacha."

"Mbio? Nani kakwambia? Nilikupenda ulipopanda ghorofa sita na kiatu kimoja kwa ajili ya watu usiowajua!" Alikuwa anafoka sasa. "Siku tatu sijala vizuri. Umenifanya niuonee wivu mguu wako mwenyewe!"

"Nisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Vua."

Akakivua cha kushoto. Daktari akakipima pua kwa kidole gumba, ameinamisha uso.

"Hapa nitatia ngozi ngumu. Kisigino nitakiinua kidogo."

"Na jibu langu la kesho?"

"Kesho haijafika."

Walitoka wameshikana, polepole, na mlinzi aliwafungulia geti bila swali.

Jumapili ikapita, Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Wiki nzima Mwanariadha alipima uso wa Daktari akakosa pa kushika. Jumamosi simu ikalia kibandani.

"Uko wapi?" Daktari akauliza.

Mwanariadha akajibu bila kuhema: "Nimekaa kwenye gogo. Mguu umegoma."

"Kaa hapo hapo, mume wangu. Nakuja."

Jioni Daktari aliporudi nyumbani na vile viatu vya mbio, alizigeuza soli, maana mazoea yana tabu. Zilisema hivyo hivyo alivyosema mwenyewe.