Mwaka Buibui Walipohama

Mwezi wa tisa ulipoingia, Mavis Pugh aliwangoja buibui, na buibui hawakuja.

Msicheke. Mtu aliyeogopa kitu maisha yake yote, siku kitu hicho kisipotokea ndipo huanza kuogopa kwelikweli. Pale kijijini kwao, Shropshire, huko Uzunguni, hata watoto wanajua: majani yakianza kuwa mekundu na baridi kunyemelea, buibui wa bustanini huingia ndani kutafuta joto na wenza. Madume makubwa yenye miguu ya manyoya hukatiza zuliani saa ya chai, utadhani wao ndio wenye nyumba. Na kila mwanamke anajua dawa yake. Ni konka, zile mbegu za kahawia zinazong'aa, zinazodondoka kutoka kwenye mti mkubwa wa uani kwa kanisa. Unaziokota, unaweka moja kila dirisha na moja kila mlango, basi.

Marehemu mama yake Mavis alimfundisha dawa hiyo kwa sharti moja. "Iwe imeanguka yenyewe, mwanangu, na isiguswe na moto. Konka iliyopita motoni ni maiti. Haizuii kitu."

"Haizuii buibui, mama?"

"Haimzuii mwenye miguu mirefu," mama alijibu, akageuza uso na kuendelea kumenya viazi.

Tangu aolewe, Mavis hakuokota tena hata moja. Kazi hiyo aliichukua mumewe, Rowland. Kila msimu wa majani kuanguka alirudi na kofia iliyojaa, akazipanga mwenyewe kwenye vizingiti vya nje, madirisha saba na milango miwili, kisha akasema, "Haya malkia, lala salama." Wake wengine waliletewa maua. Mavis aliletewa konka, na kwa miaka thelathini na mmoja hilo lilimtosha kabisa.

Tena Rowland alikuwa bingwa. Kila mwezi wa kumi, pale baa ya kijiji, wanaume wazima hutunga konka kwenye kamba na kupigishana, moja dhidi ya nyingine, mpaka ya mmoja ipasuke. Rowland hakuwahi kushindwa, na watu hawakukosa la kusema.

"We mzee, huoni haya?" rafiki yake Clem alimwambia mbele ya Mavis. "Hiyo si konka, hilo jiwe! Umeiloweka kwenye siki ukaioka kwenye oveni!"

"Wivu huo, Clem. Kunywa bia yako."

Mavis alicheka mpaka machozi. Udanganyifu wa mchezoni, nani atamhukumu mtu kwa huo? Isitoshe, konka moja tu ndiyo aliyoijali, ile ambayo Rowland alishindia mwaka walipojuana, akamtia mkononi kwenye lango la kanisa. "Hii peke yake nimeshinda kihalali, Mavis. Kwa ajili yako. Naapa." Mavis aliibeba kwenye mfuko wa koti lake tangu siku ile.

Sasa basi. Asubuhi moja alimwona buibui mkubwa akitoka nyuma ya kabati. Mavis akapanda juu ya kiti, akapiga ukelele. Lakini yule buibui hakumjali, alikwenda moja kwa moja mlangoni, akajibana chini ya mbao, akatoka nje kwenye baridi. Akafuata mwingine. Kufikia saa nne walikuwa wametoka tisa.

"Rowland, wanahama," alisema.

"Si ndiyo ulichotaka miaka yote? Konka zangu zinafanya kazi." Alisema hivyo bila kumtazama.

Ikaja harufu, ya sufu mbichi, ya kondoo aliyenyeshewa, ikitokea chumba cha nyuma ambamo hakuna aliyelala tangu mama yake Rowland afe. Ikaja sauti, shaa, shaa, kama mtu anachana nywele ndefu. Na Rowland, aliyekuwa akinyoa ndevu Jumapili kwa Jumapili, akaanza kunyoa kila siku na kupiga mluzi, akawa anakwenda chumba cha nyuma kila jioni na trei.

"Nasoma magazeti," alisema.

"Kwa vikombe viwili?"

"Cha pili ni cha kuongeza, Mavis. Acha maswali."

Siku mbili kabla ya mashindano, saa kumi na mbili jioni, giza likianza kuingia, Mavis alikuwa akifuta vumbi vizingitini. Akainua konka. Ilikuwa ngumu kama chuma. Akainusa, akasikia siki. Akaenda dirisha la pili, la tatu, akazunguka nyumba nzima, na zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa, zilinuka siki. Zote zilikuwa maiti.

Alifika kwenye dirisha la chumba cha nyuma, pazia limeachwa upenyo wa vidole viwili, akachungulia, na heri asingechungulia, kwa sababu Rowland wake alikuwa amekaa sakafuni kichwa amekilaza pajani mwa mwanamke, naye mwanamke anamchana nywele kwa vidole taratibu, shaa, shaa, huku nywele zake mwenyewe zikichuruzika maji, na magoti yake yamekunjwa yamepita kichwa chake, na nyuma ya magoti hayo kulikuwa na magoti mengine, na nyuma ya hayo mengine tena, yamejaa mpaka kwenye pembe za dari. Watu wetu wangemwita jini mahaba wakamaliza. Kule hawamtaji.

"Lini?" mwanamke alinong'ona.

"Keshokutwa," Rowland alinong'ona. "Nitakuwa baa, kijiji kizima kinanitazama. Hapo umchukue."

"Na kitanda chake?"

"Chako. Na jina lake, ukilitaka."

Mavis aliuma ngumi yake. Kufa kila mtu atakufa. Lakini kusikia mtu uliyemfulia shati miaka thelathini na mmoja akikugawa kama kiti cha zamani, hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Hakurudi ndani. Kinachozuia kuingia huzuia na kutoka. Alikwenda uani kwa kanisa na ndara zake za nyumbani, akapapasa kwenye majani yaliyolowa, akavunja maganda yenye miiba mpaka vidole vikatoka damu. Giza likamzidi. Akazihesabu, nane. Akarudi, akatupa zile maiti majanini, akaweka mbichi dirisha moja baada ya jingine, kisha mlango wa nyuma. Alipoweka hiyo ya nane, kule chumbani kuchana kukakoma.

Rowland akatokea dirishani, uso mweupe. "Mavis! Mke wangu, unafanya nini?"

"Nalala salama, Rowland."

"Toa moja. Moja tu, atoke aniachie. Ananishika, Mavis!" Akajaribu kuruka, na kitu kikamvuta ndani taratibu, kwa mapenzi.

Ulibaki mlango wa mbele, na konka hana. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akaikuta ile ya langoni. Akaibusu, naam, aliibusu akilia, kwa sababu katika nyumba ile yote hicho kilikuwa kitu kimoja cha kweli alichowahi kupewa na mwanaume yule. Akaiweka kizingitini, akageuka, akakimbia.

Dada yake, Beryl, aliishi kijiji cha pili. Alimvua ndara, akamfunika blanketi, akamwekea chai yenye sukari nyingi, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Umefanya vema," Beryl alinong'ona. "Zote mbichi?"

"Nane mbichi. Ya mlango wa mbele ni ile aliyonipa langoni."

Kikombe cha Beryl kikagonga kisahani. "Ile aliyoshindia?"

"Ile alishinda kihalali. Aliapa."

Beryl alitazama mikono yake.

"Beryl. Sema, dada."

"Siku ile nilikuwa jikoni kwa mama yake Rowland. Nilimwona akiitoa kwenye oveni, Mavis. Ilikuwa bado moto, akawa anairusharusha mkononi anacheka."

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua?"

"Ulikuwa na furaha sana. Nikasema, konka tu hiyo, ina nini."

Mavis alimtazama dada yake kana kwamba hawajawahi kuonana. Juu ya bega la Beryl, ukutani, buibui mkubwa alikuwa akitoka nyuma ya picha ya mama yao. Akashuka mpaka sakafuni. Akafuata wa pili, na wa tatu, wakakatiza zuliani kwa haraka, wakajibana chini ya mlango wa jikoni, wakatoka nje kwenye baridi.

Upande wa mlango wa mbele, kukaanza kunuka sufu mbichi.