Paa Jekundu la Yaya Dominique

Siku ya soko, mjini Kasongo, husikii hata mawazo yako, lakini Sarah-Grâce alisikia mngurumo wa ndege. Alikuwa ameingia kwenye kibanda cha Lwamba kuchaji simu, amevaa kitenge cha manjano, kilemba amekifunga upande kwa nia moja tu, kuwatesa vijana. Lwamba, aliyekuwa na umeme wa jua na kompyuta moja yenye mchezo wa kurusha ndege, aliteseka papo hapo.

"Unaendesha ndege, papa?" msichana akamuuliza.

"Natembeza wageni. Ikala, mama," akamvutia kiti, "nikupeleke Canada."

Kwenye kioo ilitandazwa nchi tambarare ya majani, haina mlima wala kichuguu, na katikati yake mto mpana uliovukwa na madaraja. Lwamba aliutaja mji: Saskatoon. Msichana akaacha kucheka.

"Yaya yangu Dominique, kaka yetu mukubwa, iko kule. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania, bakamupeleka. Sasa hapigi tena simu. Alisemaga nyumba yake iko na paa jekundu, karibu na mto."

Hapo ndipo Lwamba alipojiharibia. Alijua fika kwamba nyumba zile zimechorwa na kompyuta yenyewe, inazipanga ipendavyo. Lakini macho yale yalimwomba, na ulimi hauna mfupa. Akaishusha ndege, akanyoosha kidole.

"Ile pale."

"Na gari iko ku mulango. Basi ni muzima?"

"Ni muzima," akajibu Lwamba.

Sarah-Grâce akawa anakuja kila siku ya soko, kisha hata siku zisizo za soko. Jioni walipigiana simu.

"Allô, rubani yangu. Umekula?"

"Nimekula sauti yako, chérie."

"Basi utalala njaa, unités za simu zinaisha."

Lwamba alicheka naye, na simu ikikatika alijichukia. Alikuwa amempata msichana kwa nyumba isiyokuwepo. Alilitafuta hata kundi la WhatsApp la Wakongo wa mji ule, akalipata, akakosa ujasiri wa kuandika neno, maana Dominique akipatikana, uongo wake nao ungepatikana.

Alipogusia ndoa, Sarah-Grâce alisema baba yao alishafariki, kwa hiyo posa hujibiwa na kaka mkubwa. Haikupita muda, mama yake akafika kutoka Kabambare kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Mama Rosine hakutaka hata maji. Aliketi mbele ya kioo, akaliamkia lile paa jekundu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, neno baada ya neno, kwa heshima zote.

"Sasa mwambie atoke inje," alimwambia Lwamba. "Nione mutoto yangu, anijibie mambo ya posa yako."

Lwamba alitoa mikono kwenye kompyuta.

"Mama, unisamehe. Ile si nyumba ya Dominique. Ni mchezo tu. Nilidanganya Sarah-Grâce sababu nilimupenda."

Sarah-Grâce aliinuka, akatoka. Lwamba alimkimbilia, akamkuta kwenye meza za mawese.

"Nisamehe, chérie. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Muji gani hauna batu ku barabara? Nilijua siku ya pili."

"Sasa ulikuwa unarudi kufuata nini?"

"Wewe. Na mama alikuwa ameacha kula. Nilimwambia nimeona yaya, amenipungia mukono, akaanza tena kula. Nilimukataza kuja, hakusikia. Ungesema tu ameenda ku kazi."

"Na kesho, mama akirudi kuuliza?"

Sarah-Grâce akalia kwa uchungu, maana kosa lile la kumdanganya mama, alilolificha moyoni kila siku, sasa lilikuwa la watu wawili. Lwamba alimshika mkono. Walirudi pamoja, na msichana mwenyewe akamweleza mama yake kwamba hakuna mkono wowote uliopunga.

Mama Rosine aliwasikiliza bila kuwatazama. Ndege ilikuwa bado inazunguka peke yake juu ya mto. Lwamba akaona hana la kuficha tena. Akaeleza pia habari ya lile kundi la WhatsApp.

"Leta simu," mama akasema.

Alirekodi sauti moja fupi. "Dominique, kama uko na haya ya kupiga, mimi sina haya ya kukutafuta. Piga simu nyumbani." Lwamba aliituma kwenye kundi.

"Na posa, mama?" aliuliza, macho chini.

"Itajibiwa na Dominique."

"Na akinyamaza?" aliuliza Sarah-Grâce.

"Mutangoja," alisema Mama Rosine. "Kama vile mimi nangoja."

Sarah-Grâce alivuta kiti chake karibu na cha Lwamba, na wote watatu wakakaa wakiitazama simu.