Picha Zilizotikisika

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama haijaanza kunguruma, Chiriku alimpelekea kaka yake chai na kidonge. Kaka aliugua skizofrenia, ugonjwa wa akili uliomfanya asikie sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Siku hizi dawa zilikuwa zimemtuliza, naye alimsaidia mama kushona vifungo.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" alimtania.

Chiriku aliweka kikombe mezani, akageuka kuondoka. Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali na mama, ambako watafiti walipiga picha za ubongo wa watoto wenye ndugu wagonjwa kama kaka.

Mashine ya kupiga picha hizo ilikuwa nyeupe na ya mviringo, mfano wa mwezi uliotobolewa katikati. Aliingizwa humo taratibu, amelala chali. Ngurumo za mashine zikageuka mvua juu ya bati, mvua ikawa mto, naye akaelea. Kwenye maji akauona uso wa kaka. Alipoutazama sana, ukawa wake mwenyewe. Je, kama sauti zile zimejificha kichwani mwake, zikingoja akue? Akatikisa kichwa ili zisionekane.

"Mwanangu, picha zinatoka ukungu mtupu," daktari alisema kwenye kipaza sauti. "Unawashwa?"

"Ndiyo. Pua."

Wakarudia. Akatikisa tena. Daktari akamtoa, akaketi karibu naye, mama akiwa pembeni.

"Hebu nionyeshe hiyo pua korofi."

Machozi yakamlengalenga Chiriku. "Nilidanganya. Nilitikisa makusudi. Sitaki mwone kwamba nitaugua kama kaka."

"Kumbe mzigo wote huo umeubeba peke yako!" mama alisema, akamkumbatia.

"Picha hii haipigi ramli," daktari alieleza. "Tunalinganisha bongo za watoto wengi. Pengine sehemu fulani ya ubongo huwa ndogo kidogo kwa watoto kama wewe, lakini tofauti si ugonjwa. Hakuna picha inayoweza kunionyesha kesho yako, na wengi wenye ndugu wagonjwa hawaugui kamwe."

"Na nikisikia sauti?"

"Mwambie mama siku hiyohiyo, tukutibu mapema. Ukitaka tuache sasa, tutaacha."

Chiriku alifikiri, kisha akajilaza mwenyewe. Safari hii alitulia tuli, na picha zikatoka safi.

Walipokuwa wakitoka, mama alimshika mkono. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Hofu nayo ni vivyo hivyo, mwanangu. Ukiisema, utapata wa kukusaidia kuibeba."