Pengo la Thimlich

Huyo mwanamume anayelala kwangu Rongo, msimwite Angwenyi mbele yangu. Kanisani wananiambia, "Dada Bonareri, mshukuru Mungu una mume." Nimechoka nao.

Ilikuwa 1996. Tulitoka Karungu kununua omena, dagaa wa ziwani, na giza likiingia tukafika kwa rafiki yangu Millicent, karibu na maboma ya mawe ya kale ya Thimlich. Hapo Angwenyi akaanza. Lazima ayaone. Kesho, Ijumaa, malori ya wanafunzi yangejaa, kwa hivyo twende alfajiri tuwe peke yetu. Alikuwa mtu wa kung'ang'ania jambo hadi ukubali ndipo upumzike.

Millicent alikuwa anasonga ugali. "Shemeji, langoni mtakapoingilia, mtokee hapo hapo. Msipite penye ukuta umeanguka. Kwetu mtu akifia mbali, maiti yake haipiti langoni. Tunabomoa ua, inapitishwa pengoni."

Angwenyi akacheka. "Sisi ni Wasabato, mama. Hayo tumewaachia nyinyi."

Yawa! Aliyasema hayo huku anangoja ugali wa mwenyewe.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Kuta zile ni mawe matupu yamepangwa, bila udongo, ndefu kuliko mtu. Lango ni fupi, tukainama kuingia. Ndani ni nyasi tu.

Lakini nikasikia harufu... Moshi. Moshi wa samadi, kama kwa watu wenye ng'ombe.

"Unasikia?" nikanong'ona.

"Ni huko kwa majirani. Wacha uoga."

Mara lori likanguruma. Angwenyi akasonya. "Wameshafika! Tupite hapa, tuwahi boma lile lingine." Alikuwa ameona mahali mawe yameporomoka.

"Baba Jared, usipite hapo!"

Akapita.

Nilikimbia langoni, nikainama, nikazunguka ukuta. Nikamkuta nje amesimama, mikono imelegea, ananitazama. Nikamshika. Baridi. Nikajiambia ni ukungu.

Halafu, kutoka ndani ya boma...

"Mama Jared! Ningoje! Lango liko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mume wangu.

Nikamwangalia huyu wa nje. Mdomo wake haukuwa umefunguka.

Nilirudi mbio nikachungulia. Nyasi. Kimya. Hata moshi haukuwepo.

"Twende," akasema yule nyuma yangu.

Nikaenda naye. Mlitaka nifanye nini? Barabarani hapakuwa na lori lolote. Millicent alipomwona, alirudi ndani akafunga mlango. Hakutuaga.

Angwenyi niliyeolewa naye alikuwa hatui mzigo kabla hajauliza, "Watoto wamekula?" Hata akiwa amenikasirikia. Huyu siku ile aliwapita watoto mlangoni akaenda kulala. Sasa anataka kambare, samaki asiye na magamba, ambaye mzaliwa wa Usabato hamli. Anamla na mifupa. Nilipomweleza pasta, alisema ni majaribu, nizidishe maombi. Aje basi alale naye yeye!

Mwezi uliopita nilirudi Thimlich. Peke yangu, alfajiri, kabla ya watu. Nilisimama kando ya pengo kwa nje, nikaogopa hata kukohoa.

Moshi wa samadi ukaja.

"Mama Jared..."

Sauti imekauka, iko chini kabisa, karibu na mawe.

"Njoo langoni, Baba Jared," nikamwambia. "Uiname, utoke. Niko hapa."

"Nimelizunguka boma hili hadi nimechoka. Halina lango."

Nikaingia mwenyewe kwa lango lile lile. Nikatembea boma zima nikipapasa mawe. Hapakuwa na mtu. Nikatoka nikilia, na hapo nikamsikia tena, pale pale ukutani.

"Watoto wamekula?"

Wololo, moyo wangu! Miaka yote hiyo, hakuna aliyeniuliza.

Nikaweka kiganja kwenye jiwe. "Wamekula, baba. Wamekula wakashiba."

Kisha nikarudi Rongo, nikapitia sokoni kumnunulia yule mwingine kambare wake.